Tanuri ya Mshihiri na tanuri ya Mtaliano: nimekula pote pawili

Kazi yangu ni kutengeneza friji na mashine za barafu, kwa hivyo hoteli huijua kwa nyuma kabla ya kuijua kwa mbele. Mteja huingia akaona kitambaa cha meza. Mimi hupita mlango wa jikoni nikaona kompresa ilivyoliwa na chumvi, nikaona vyombo vinaoshwa kwa maji gani, nikasikia mwenye duka anavyosema na mpishi wake, maana fundi aliyeingiza kichwa ndani ya friza huhesabiwa kuwa hasikii. Miaka ishirini na miwili nimehudumia sehemu mbili za hapa Malindi. Moja ni mkahawa wa Mshihiri, mtu wa asili ya Yemen, kwenye vichochoro vya Shela, mji wa kale, si mbali na msikiti wa Juma na yale makaburi ya mnara. Ya pili ni duka la pizza na aiskrimu la Mtaliano, upande wa barabara ya Casuarina. Kwa tuktuk ni dakika kumi, shilingi mia ukijua kupatana. Majina siyataji. Wa kwanza hana hata kibao mlangoni, na wa pili amebadilisha kibao mara tatu tangu nimjue.

Yaliyonitia mbioni kuandika ni swali la mpwa wangu. Mwezi uliopita nilikuwa naye kazini, tumetoka kwa mmoja tumeingia kwa mwengine, akaniambia: "Mjomba, hawa wote si wageni? Mbona yule Mshihiri ana nyumba za kupangisha mtaa mzima, na huyu Mtaliano anatafuta mtu wa kumuuzia viti?" Sikumjibu hapo hapo, nilikuwa na bisibisi mdomoni. Jibu lenyewe ni refu, tena lapita tumboni kwanza.

Nianze na Mshihiri, kwa kuwa yeye ndiye afunguaye mapema. Ukitaka kula kwake vizuri fika baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya mapaa. Saa mbili asubuhi mkate wa mofa umekwisha, na ukiuliza, mzee aliyeketi kwenye meza ya pesa atakutazama kama kwamba umeuliza habari za mkewe. Mkate huo ndio wa kuufuata. Tanuri yake ni chungu kikubwa cha udongo kilichozikwa ndani ya jukwaa la saruji, mdomo juu. Kuni huwashwa ndani, zikigeuka makaa mwokaji huloweka mkono, huchota donge la unga wa mtama uliolala ukachacha, akaupiga ukutani mwa ule chungu kwa kiganja. Ukutoka, mgongo umekauka, tumbo laini, una uchachu wa mbali unaokutana na supu ya mbuzi kama ndugu waliopotezana. Supu yenyewe ina pilipili manga ya kutosha na ndimu pembeni. Asiyetaka mofa atapata mahamri yenye iliki na mbaazi za tui zito. Nalipa shilingi mia na thelathini nikishiba, chai ya maziwa ikiwemo. Kahawa chungu ya tangawizi iko kwenye mdila, lile birika la kahawa, juu ya seredani ya makaa hapo mlangoni, kikombe shilingi kumi, na mara nyingi mzee hukutilia cha pili bila ya kukuhesabia.

Ila zake nazo nizitaje. Viti ni vya plastiki na viwili vimeshonwa kwa waya. Nzi wapo. Wanawake hukaa chumba cha upande chenye feni isiyozunguka, na nimemwambia mzee mara tatu kwamba feni ile haina dawa, ni ya kutupa. Risiti hakuna. Ukilipa kwa simu, pesa zaenda kwa namba ya mwanawe wa tatu, yule wa duka la saruji, kisha wao watajuana.

Kuhusu neno Mshihiri: vijana wao wengine hawalipendi, watakwambia wao ni Wahadhrami, au Waarabu, au Waswahili basi. Jina limetokana na Shihr, bandari ya Hadhramaut huko Yemen, na zamani mtu akiitwa hivyo mjini ilikuwa ni kumshusha. Mshihiri alikuwa mchukuzi, mwuza maji, mwuza kahawa anayegonganisha vikombe njiani. Mzee hajali. "Mimi Mshihiri, mwanangu, na babangu alikuwa Mshihiri kunishinda," huniambia. "Andika hivyo kwenye hesabu yako."

Babake alikuja kabla ya vita vya pili vya dunia, na jahazi la kaskazi lililopakia papa mkavu na tende. Alikuwa na kikoi kimoja na jina la jamaa yake wa mbali aliyekuwa na duka hapa. Hilo jina ndilo lililokuwa mtaji. Jamaa alimpokea, akamlaza juu ya magunia, akampa mdila na vikombe sita auze kahawa barazani kwa watu. Miaka minne baadaye akampa bidhaa kwa mkopo, bila riba na bila karatasi, akafungue duka ndani huko bara, anunue mahindi na korosho kwa Wagiriama na kuwauzia chumvi, mafuta na kitambaa cha marekani. Naye alipotengenea, akampokea mwengine. Ndivyo walivyokwenda, mmoja akimvuta mwenzake kwa mkono, na atakayemdhulumu jamaa yake habari zamtangulia Mombasa, Lamu hadi Mukalla huko Hadhramaut, wala hapati tena gunia la mtu.

Jambo la pili ni ndoa. Wengi wao walikuja bila wanawake, wakaoa huku. Babake mzee alioa Lamu, kwa watu wa Langoni, na ndiyo sababu picha kubwa pale ukutani si ya Yemen bali ni ya msikiti wa Riyadha. Habib Saleh aliyeusimamisha msikiti huo naye alikuwa wa ukoo wa masharifu wa Hadhramaut, akaja Lamu kutoka Ngazija, akasomesha hata wale ambao wakubwa wa mji hawakutaka kukaa nao mkeka mmoja. Hadi leo Maulidi ya Lamu ni ya kwake. Basi kizazi cha kwanza kilitafutiwa njia ya kuingia mjini na wake zao na walimu wao, si na serikali. Mzee mwenyewe Kiarabu chake ni cha sala na cha kumgombeza paka. Kiamu cha mamake ndicho anachoota nacho ndotoni.

Jambo la tatu nitalisema polepole kwa sababu lanigusa. Mimi babangu ni Mbajuni wa Faza, mamangu ni Mgiriama wa Ganda. Mwaka 1908 Waingereza walileta sheria ya hati za ardhi katika ule ukanda wa maili kumi ambao kwa jina ulikuwa wa Sultani wa Unguja. Aliyeweza kuonyesha karatasi au mashahidi waliokubalika, aliandikiwa hati ya kuwa mali yake milele. Waarabu, Waswahili na Wahindi wa mjini wengi waliweza. Wagiriama na wenzao Wamijikenda, ambao shamba lao lilijulikana kwa mbuyu wa babu na kaburi la bibi, wengi walitoka mikono mitupu, na baada ya vita vya 1914 wakafukuzwa hata kule ng'ambo ya mto Sabaki. Washihiri maskini hawakuipigania sheria hiyo. Wengi wao walikuwa hawajashuka jahazini bado. Lakini walipopata pesa, wakakuta soko la viwanja vyenye hati, na wauzaji wenye mashamba yaliyolala tangu utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1907. Wakanunua. Mjomba wangu wa Ganda alizaliwa, akalima na kuzikwa juu ya ardhi ambayo mwenye hati yake hakuwahi kumwona. Kwa hivyo nikila mofa ya mzee naila kwa furaha, naye ni mtu mwema, lakini sisemi kwamba zile nyumba zilitoka kwenye vikombe vya kahawa peke yake. Zilitoka kwenye vikombe vya kahawa na kwenye hati.

Na kulikuwa na kuondoka ambako hakukutokea. Babake mzee hakuwa na nia ya kufia huku. Alituma pesa kwao, akajenga nyumba ya udongo ya ghorofa huko karibu na Shihr. Pesa hizo kwao zilikuwa roho. Katika njaa ya 1943 na 1944 ukame uliwakuta watu wa Hadhramaut wakati Wajapani wamezifunga nchi za Java na Singapore, ambako jamaa zao wengi walikuwa wakitajirika na kutuma, na waliomtegemea mtu wa Java wakafa njaa. Mzee asema babake aliuza baiskeli mwaka ule. Kisha Novemba 1967 Waingereza wakatoka Aden, ikaja serikali ya kisoshalisti, mali za watu zikataifishwa, na ile nyumba ya ghorofa ikawa hadithi. Tangu hapo kila shilingi ilibaki hapa hapa: nyumba, duka la saruji, lori, karo ya watoto. Mmoja ni mfamasia Mombasa. Mlango wa nyuma ulipofungwa ndipo walipopanga vizuri sebule.

Sasa mwaka huo huo wa 1967, tarehe 26 Aprili, Wataliano walirusha chombo chao cha kwanza cha angani kutoka baharini pale Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Mradi ulikuwa wa profesa wao Luigi Broglio, na jukwaa lililosimama majini likiitwa San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970 kikarushwa kutoka hapo hapo chombo cha Wamarekani cha kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota, cha kwanza duniani kwa kazi hiyo, kikapewa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu. Mamangu alikuwa msichana Gongoni wakati huo na wanakijiji walidhani ni bomu. Roketi ya mwisho iliruka 1988, lakini wahandisi wale walikuwa wamekwisha kuwaambia ndugu zao kwamba kuna mahali bahari ina joto mwezi wa Januari. Mshihiri alikuja akimfuata jamaa mwenye duka, Mtaliano akaja akimfuata jamaa mwenye roketi. Nikimwambia mpwa wangu hivi acheka, na ni kweli.

Haya, tuvuke barabara. Duka la Mtaliano hufunguliwa saa nne na usiende kabla ya saa kumi jioni. Kinachonipeleka pale ni aiskrimu ya embe ngowe. Nimeonja aiskrimu za kila aina kwa sababu ya kazi, za mahoteli na za supamaketi, na nyingi ni hewa iliyotiwa rangi. Yake ni nzito. Huipiga polepole isimeze hewa nyingi, na huiweka kwenye kabati la kioo lenye baridi ya digrii kumi na tatu chini ya sifuri, si kumi na nane kama friza ya kawaida. Kwa hivyo haigandi ikawa jiwe, wala haiungui ulimi, na utamu wa embe huja mara moja. Hizo digrii tano ndizo zinazonilisha mimi, maana stima ya Malindi ikicheza kidogo kabati lapoteza baridi, na hewa ya chumvi yatafuna kopa ya kondensa, yale mabomba ya kutoa joto nje, kwa miaka mitatu tu. Bakuli la madonge mawili ni shilingi mia tatu. Ya ukwaju pia ni nzuri. Ya chokoleti iache watoto.

Pizza yake ni ya tanuri ya matofali, kuni za mkorosho, unga umelala siku nzima. Hujaona mtu akibishana na unga mpaka umwone huyu mzee wa Kitaliano: auvuta, autukana kwao, auinua kwenye mwanga. Ya samaki na kitunguu ni shilingi mia tisa. Nyama ya nguruwe ipo, tusifichane, lakini friza yake ni ya peke yake uani na nimeifunga kwa mikono yangu, na mpishi ana kisu na ubao wa rangi nyingine kwa ajili yake. Mimi hula ya samaki. Mwenye shaka asile, hakuna atakayemlaumu. Huduma ni ya haraka, wahudumu wamenyooka, vyoo ni visafi kuliko vya kwangu nyumbani. Kahawa yake ni tone moja chungu kwa shilingi mia mbili, na kila nikiinywa nafanya hesabu ya vikombe ishirini vya mdila.

Yeye alikuja likizo ya wiki mbili, miaka ya tisini, kutoka mji mdogo karibu na Bergamo. Ndege za kukodi zilikuwa zikishusha watu Mombasa, maana uwanja wa Malindi ni mfupi kwa ndege kubwa, kisha mabasi yawalete kilomita mia na ishirini hadi hapa. Aliuza karakana yake kwao akaja na mtaji tayari. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza: babake Mshihiri alianza na jina la mtu, huyu alianza na akaunti ya benki. Mwaka wa kwanza alikuwa na wafanyakazi kumi na wanne. Malindi yote ilijifunza lugha yao. Mama wa mboga hapa sokoni atakutajia bei ya nyanya kwa Kitaliano kabla hujamsalimu, na vijana wa ufuoni wana majina ya wachezaji mpira wa Milano. Yeye mwenyewe, baada ya miaka thelathini, Kiswahili chake ni cha jikoni: leta, bado, kesho, pole, moto. Si kiburi. Mji ulimwendea, hakuhitaji kuufuata.

Pesa yake ilikuwa yaja na ndege, na ndege ikikosa kuja hakuna la kufanya. Uchaguzi wa 2007 ukaleta machafuko, msimu ukafa katikati. Mwaka 2011 wageni wakatekwa huko visiwani Lamu, mwaka 2014 likaja shambulio la Mpeketoni, na balozi za Ulaya zikawaambia watu wao wasije Pwani. Hoteli nilizokuwa nikizihudumia zikafungwa moja baada ya moja, na nikauza kompresa za mitumba zilizotoka kwenye magofu yao. Machi 2020 serikali ikafunga anga. Wiki hizo hizo Bergamo ilikuwa ikizika watu kwa malori ya jeshi. Alifunga duka, akaketi kizingitini na simu, kila siku jina jingine. Kisha akaondoka, na akaondoka na deni langu la shilingi elfu kumi na nane la kabati la kioo. Aliporudi mwaka uliofuata alinilipa nusu kwa pesa na nusu kwa pizza. Wanangu hadi leo wasema huo ndio mwaka mzuri wa maisha yao.

Ardhi nayo si yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, yasema asiye raia hawezi kuwa na ardhi ila kwa kukodi, na si zaidi ya miaka 99, na kampuni haihesabiwi kuwa ya raia mpaka imilikiwe na raia watupu. Mwenye hati ya milele asiye raia, hati yake ikageuka ya miaka 99 kwa siku moja. Wenzake wengi walikuwa na majumba makubwa ya makuti kwa majina ya kampuni, wakashikwa na baridi, wakaanza kuuza. Ukipita Casuarina leo utaona mageti yenye kutu, bwawa la kuogelea limeota magugu, na mlinzi Mgiriama aliyeachiwa mbwa na mshahara wa miezi sita iliyopita. Huyu wangu alikuwa na busara, alikodi tu tangu mwanzo. Lakini mtu aliyekodi hana cha kupangisha uzeeni. Ana pensheni ya kwao, ina nafuu yake hapa, basi.

Mpaka hapa mpwa wangu angesema Mshihiri ameshinda. Ngoja kwanza.

Mwokaji wa mofa kwa Mshihiri ni kaka yangu wa hiari, Mgiriama wa Kakuyuni, yupo kwenye tanuri ile tangu kabla sijaoa. Nywele zake zimekuwa nyeupe juu ya chungu kile. Alipwa kwa siku, apewa unga na sukari mwezi wa Ramadhani, na mwanawe alipougua mzee alimtoa hospitali kwa pesa zake bila kuombwa mara mbili. Lakini hajawahi kukaa meza ya pesa hata siku moja mzee akiwa msikitini. Meza ile ni ya watoto wa nyumba, na asipokuwepo mtoto huitwa mpwa, na asipokuwepo mpwa, duka lafungwa dakika kumi. Ile mikono iliyovutana kutoka Shihr hadi Malindi ilivuta watu wake. Ndiyo nguvu yake, na ndiyo sababu Mgiriama ataoka mkate miaka thelathini asiujue mtama wanunuliwa kwa nani.

Mtaliano hana mtoto wa kumwachia. Wale wa kwao walikuja mara moja, wakaungua na jua, wakarudi. Kwa hivyo ujuzi wake ilibidi aumwage kwa aliye karibu. Mpishi wake, kijana wa Muyeye, alianza kwa kuosha sufuria, akafundishwa unga, akafundishwa jibini, kisha akapewa funguo na daftari la mauzo. Mshahara ulikuwa na akiba ya uzeeni iliyokatwa na kupelekwa inakotakiwa. Lakini kila Mei mvua ya masika ikianza, wote waliambiwa nendeni nyumbani mpaka Julai, bila shilingi. Kwa Mshihiri hakuna aliyewahi kuambiwa nenda nyumbani. Sijui wewe ungechagua kipi. Nimewauliza wake zao, na hawakukubaliana.

Tena kuwaweka hawa wawili kwenye mizani moja si haki sana. Nyumba ya Mshihiri ina miaka karibu tisini hapa, ya Mtaliano ina thelathini. Ukimkuta babake mzee katika mwaka wake wa thelathini, alikuwa bado na duka la bati huko bara na nia ya kurudi kwao. Na huyu Mtaliano ana binti, nilikuwa nimesahau kumtaja, aliyemzaa na mwanamke wa Watamu. Msichana ana miaka kumi na tisa, ni raia kwa kuzaliwa kwa sababu ya mamake, na hiyo miaka 99 haimhusu. Likizo huketi kwenye kaunta, aongea Kigiriama na wapishi, Kiswahili na mimi, Kitaliano na babake, na simu yangu ya mwisho ya kazi ilitoka kwake, si kwa mzee. Aliomba bei, akaomba punguzo, akaniuliza kwa nini kopa isipakwe rangi ya kuzuia chumvi. Swali zuri. Babake hakuwahi kuniuliza.

Vita vya Yemen navyo vimemrudisha mzee wa mofa mwanzo wa safari. Mwaka 2015 Mukalla iliposhikwa na al-Qaeda mwaka mzima, binamu ambao hawakuwa wameandikiana tangu enzi za babake walimpata kwa simu. Anatuma. Halalamiki, lakini Ijumaa haluwa imepungua ukubwa, na nilipomuuliza kuhusu friza mpya alisema hii ya zamani bado yapumua.

Malizia safari yako Maweni. Yule mpishi wa Muyeye aliachishwa 2020, akarudishwa, kisha akajiondoa mwenyewe. Amejenga tanuri yake, ya matofali kama ya Mtaliano lakini ameibandika udongo wa kichuguu nje ili ishike moto kwa kuni chache. Kiwanja amekodi kwa mdogo wake mzee wa mofa, elfu sita kwa mwezi, na aliandikiwa karatasi baada ya kuomba mara nne. Pizza ni shilingi mia tatu na hamsini, ndogo kidogo. Agiza ya papa mkavu na pilipili mbichi, ambayo Mtaliano aliionja akafumba macho akasema neno ambalo mpishi hajakubali kunitafsiria. Meza ni nne, ya mbali kabisa yayumba mguu, kaa karibu na ukuta. Friza yake ni ya mitumba, nimemuuzia mimi kwa malipo ya kidogo kidogo, na malipo yamebaki ya miezi mitano. Nenda kabla ya saa mbili usiku. Unga ukiisha hakandi mwengine.